Nikifuata Maji Mekundu: Siku Saba Kutoka Mtaro wa Soko hadi Baricho

Jumatatu, mjini

Maji mekundu yakiingia Malindi, mimi hukaa nyumbani. Riziki yangu ni boti ya kioo. Nawapeleka wageni kutazama matumbawe na samaki ndani ya hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1968. Mgeni akiinamia kioo akaona rangi ya chai ya maziwa, harudi kesho yake, na wenzake hotelini atawaeleza. Desemba iliyopita boti ililala siku kumi na moja. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisema neno moja: tope ni la bara, sisi tunaletewa tu.

Mwaka huu, Novemba ikiwa changa na vuli haijachanganya, niliamua kulifuata tope lenyewe hadi nione linakotoka. Mpwa wangu, kijana anayesomea mambo ya maji chuoni, alikubali kufuatana nami kwa sharti moja. "Mjomba, tusianze na mto. Tuanze na mtaro wa nyuma ya soko."

Nilikataa, naye akakaa kimya tu akinitazama. Tukaanza na mtaro.

Ni mkavu wakati huu. Tuliufuata kwa miguu, yeye akiandika na mimi nikiwajibu watu waliouliza tumepoteza nini. Maganda ya viazi, manyoya ya kuku, magamba ya samaki, nepi, chupa za soda, vifuniko, majivu ya jiko. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile iliyopigwa marufuku Agosti 2017, haikuwa mingi kama nilivyoizoea zamani, na hilo nataka liandikwe kwa sababu linaonyesha kwamba mtaro hubadilika watu wakibadilika. Lakini chini ya taka zinazoonekana kulikuwa na kitu kingine: vumbi jeusi, laini, limelala unene wa kidole. Mpwa alilifinya akaninusisha. Oili, moshi, raba. Ni matairi yanayolika barabarani, breki, moshi wa tuktuk na malori, majivu ya takataka zinazochomwa uani. Yote hayo yanatua chini na kusubiri.

Yanasubiri mvua ya kwanza. Miezi ya kiangazi uchafu unajikusanya, kisha dakika chache za mwanzo za mvua zinazoa sehemu kubwa yake kwa pamoja. Mvua ya pili na ya tatu zinakuta barabara imeshaoshwa. Kwa hiyo maji mabaya kuliko yote ya mwaka ni yale ambayo sisi huyapokea kwa furaha, watoto wakitoka nje kuoga.

Njiani nilimwuliza mama mmoja muuza samaki, maji ya mtaro huu yanakwenda wapi.

"Yanakwenda kusafishwa, baba," alisema.

Simlaumu. Mtaro umejengwa kwa saruji, una mifuniko ya zege, unaonekana kama kitu kilichofikiriwa. Lakini hakuna kituo cha kuusafisha. Malindi haina hata mabomba ya majitaka ya mji mzima. Vyoo vyetu ni mashimo na matangi ya chini ya ardhi yanayonyonywa na lori. Mtaro wa mvua ni njia tu, na njia hiyo inaishia ufukweni. Tulifika mwisho wake saa tisa alasiri. Pale inapofunguka, mchanga una ukoko mweusi unaomeremeta, na hatua mia moja kutoka hapo watoto walikuwa wanacheza mpira.

Jumanne, gereji

Siku ya gereji. Sitataja ni ya nani wala iko mtaa gani, kwa sababu zote nne tulizopita zinafanana. Gari linainuliwa, boliti inafunguliwa, oili inashuka. Nyingine inaingia kwenye karai, nyingine chini. Jioni kijana mdogo anamwagilia uwanja maji ili vumbi litulie, na kila kilichomwagika kinasogea kuelekea mtaroni.

Katika gereji ya tatu tulimkuta fundi mzee ambaye hamwagi maji kabisa. Pembeni ana gunia la unga wa mbao, anaoupata bure kwa seremala jirani. Oili ikimwagika, anatupa konzi mbili, anaacha inywe, kisha anazoa na beleshi na kutia kwenye debe lenye kifuniko. "Kitu kikiwa kikavu," alisema, "unakishika. Kikishalowa kimeshakwenda zake." Oili chafu ya kwenye karai anaikusanya kwenye pipa, na watu wanaijia kwa ajili ya kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa.

Mpwa wangu aliandika maneno yake. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nakumbuka injini ya boti yangu. Miaka minane nimekuwa nikibadilisha oili palepale ufukweni, boti ikiwa imepwelewa, nikichimba shimo kwenye mchanga na kumwaga. Nilifikiri mchanga unameza. Mchanga haumezi; bamvua ikija, bahari inafika hadi kwenye lile shimo na kuchukua kilicho chake. Nilimweleza mpwa usiku tukila. Hakusema kitu, akanisogezea sahani ya samaki.

Jumatano, mlango wa Sabaki

Alfajiri tulivuka daraja la Sabaki, tukateremka upande wa bahari kwa miguu. Huu ndio mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Unazaliwa nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unapokea maji ya mto Nairobi na taka zake, unapita Ukambani, unakutana na Tsavo na kuitwa Galana, na ukitufikia sisi ni Sabaki. Safari ni ndefu, na kila mahali unapopita kuna mtu anayedhani kipande chake ndicho mto wote.

Mlangoni kulikuwa na flamingo upande wa matope, viboko watatu wakipumua mbali, na wavuvi wawili wakitengeneza juya. Nilianza kuulaumu mto mbele yao. Mzee mmoja alinikata kauli.

"Nahodha, mto usipokuja, kamba hawaji."

Na ni kweli. Kamba wa ghuba hii, kuanzia hapa hadi Ungwana, wanafuata maji ya mito. Tope lina chakula, na mikoko ya hapa mlangoni inaota juu ya udongo huohuo. Nilikuwa nimekuja kutafuta adui nikakuta riziki ya mwenzangu. Ilinibidi nikae chini kwenye gogo. Hivyo udongo wenyewe si kosa. Kosa ni wingi wake, na vinavyopanda mgongoni mwake.

Wingi huo umeandikwa, tena na matumbawe yenyewe. Mwaka 2007 watafiti walichapisha walichokisoma ndani ya tumbawe moja la hapa Malindi lenye historia ya miaka 300 hivi. Tumbawe hukua kwa matabaka, mwaka juu ya mwaka, kama pete za mti. Katika kila tabaka hubaki chembe za bariamu, madini yanayoletwa na udongo wa mto. Matabaka ya karne ya 18 na ya 19 yanaonyesha udongo kidogo. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kufyekwa na kulimwa chini ya ukoloni, bariamu inapanda, na haikurudi tena ilikokuwa. Mpwa alinisomea hayo tumeketi pale pale mlangoni, na nilihisi kama nasomewa barua ya jirani niliyempita kila siku bila kumwamkia.

Tumbawe ni mnyama mdogo anayejijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wake unaishi mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia. Maji yakiwa na tope, mwanga haufiki. Tope likimwangukia, nguvu za kukua anazitumia kujipangusa. Ndiyo maana kwangu mimi swali la upepo ni swali la maisha. Wakati wa kusi mkondo unalisukuma tope kaskazini, upande wa Mambrui na Gongoni. Wakati wa kaskazi linageuka na kuja kusini, kwetu, hadi kwenye hifadhi. Vuli inanyesha Ukambani wakati uleule kaskazi inapoanza. Mvua na upepo vinakutana Desemba, juu ya kioo cha boti yangu.

Wazee wa hapa hawahitaji kuambiwa na mtafiti. Ufuo wa ghuba ya Malindi umetanuka. Kuna nyumba zilizojengwa pembeni mwa maji ambazo leo unatembea mchangani kitambo kabla hujalowa kifundo cha mguu. Mchanga huo wote mto ndio ulioubeba.

Alhamisi, Jilore

Bodaboda mbili, barabara ya kwenda Sala, vumbi tupu. Tulifika Jilore saa nne.

Ziwa la Jilore liko kwenye bonde la Sabaki na hujaa mto unapofurika. Nililikumbuka kubwa. Mwenyeji wetu, mzee wa Kigiriama ambaye mpwa alimpata kupitia mwanachuo mwenzake, alitupeleka ukingoni akanyoosha fimbo: hapa zamani mtu mzima alizama kifuani, sasa ng'ombe anavuka. Kila gharika inaacha udongo wake chini na kwenda zake, na ziwa linakuwa sahani. Viboko wakikosa kina wanatoka usiku kuingia mashambani. Kwa hiyo tope la ziwani linaishia kuwa hofu ya mama anayelala karibu na mahindi yake.

Kisha akatuonyesha mashamba mawili yanayopakana, na hapo ndipo nilipokaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari hii.

Shamba la kwanza linateremka hadi kwenye maji. Limelimwa kwa mistari inayoshuka na mteremko, mahindi ya mwisho yakiwa hatua nne kutoka ukingoni. Katikati mna mfereji uliochimbwa na maji yenyewe, mtu akisimama ndani haonekani. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza kulima na kujenga ndani ya mita 6 hadi 30 za ukingo, zikipimwa kutoka mahali gharika kubwa kabisa iliwahi kufika. Mwenye shamba anaijua sheria hiyo. Alituambia bila hasira kwamba udongo wa ukingoni ndio pekee unaobaki na unyevu, na watoto wake hawali sheria. Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata bado.

Shamba la pili ni la mama mjane. Amekata mitaro inayokwenda kombo na mteremko, akatupa udongo upande wa juu ukawa tuta, na juu ya tuta akapanda majani ya tembo. Ndiyo fanya juu, ufundi uliokita mizizi Ukambani, ambao hata wataalamu wa nchi za mbali huuandika kwa jina hilohilo la Kiswahili. Maji yakishuka yanagonga tuta, yanatulia, yanaacha udongo, na yenyewe yanazama. Mbuzi wanakula majani. Kati ya tuta la mwisho na ziwa ameacha kichaka kama kilivyo, hata kuni hakati.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Njaa, mwanangu. Mwaka ule udongo wangu wote ulishuka ziwani nikauona na macho yangu. Nikasema, huu hautashuka tena."

Nyumbani kwake kuna paa la bati, mita 10 kwa 5, bila gata. Mpwa alipiga hesabu kwenye mchanga kwa kijiti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10, ambayo si mvua kubwa, inashusha lita 500 kutoka paa hilo, sawa na mitungi 25 ya lita 20. Mama huchota maji ziwani kwa kichwa. Na yale ya paa yanaanguka uani, yanazoa kinyesi cha mbuzi na kuku, na kukipeleka ziwani anakochota. Alizitazama zile namba mchangani kwa kitambo. Akauliza gata inauzwaje.

Tulilala hapohapo.

Ijumaa, Baricho

Tulipita Kakoneni na Langobaya, jua kali, sina mengi ya kusema juu ya njia.

Baricho ndiko yanakotoka maji ya bomba ya Malindi. Visima virefu vimechimbwa kwenye mchanga wa ukingo wa Sabaki, na pampu zinavuta maji ambayo mto umeyachuja kupitia mchanga. Kutoka hapa yanakwenda kwetu, Kilifi na hadi Mombasa. Nimekunywa maji haya maisha yangu yote na sikuwahi kufika yanapotekwa. Mchanga unazuia tope na vijidudu vingi, lakini si kila kitu kilichoyeyuka hunaswa na mchanga.

Saa kumi jioni, mbingu ikiwa safi kabisa, mto ulianza kubadilika. Ulikuwa kahawia, ukawa mwekundu, kisha ukaanza kubeba matawi. Hapakuwa na wingu hata moja. Ilikuwa mvua ya watu wengine, iliyonyesha mbali siku kadhaa nyuma, ikipita mbele yetu bila sauti. Mpwa alipachika kijiti ukingoni. Baada ya nusu saa hakikuonekana.

"Tuwahi," nikamwambia. "Nataka kufika kabla yake."

Jumamosi, mjini tena

Mvua ya Malindi yenyewe ilitukuta njiani. Tuliingia mjini saa tano na dakika kumi, tumelowa, na badala ya kwenda nyumbani tulikwenda moja kwa moja kwenye mtaro wa nyuma ya soko.

Mpwa alikuwa na chupa tano za kioo alizoziosha kwa maji moto. Chupa ya kwanza tuliijaza mara tu maji yalipoanza kukimbia: nyeusi, huoni kidole upande wa pili, na juu ukungu wa rangirangi wa oili. Dakika tano baadaye, nyeusi bado, na sasa taka zikaja, nepi, chupa, magamba, yale yote tuliyoyahesabu Jumatatu, sasa yanakimbia kwa miguu yao. Dakika kumi na tano, rangi ya kahawa. Nusu saa, chai. Saa nzima, karibu maji ya kawaida yenye vumbi. Tulizipanga kwenye ukuta wa duka, nyeusi kushoto hadi nyeupe kulia, na watu wakaanza kusimama.

Yule mama muuza samaki alikuja na mwavuli. Alizitazama moja moja. Nilimwambia zimetoka mtaroni kwa mpangilio huo, na kwamba ya kwanza iko baharini sasa hivi.

"Ile ya kwanza?" aliuliza. "Yote?"

"Yote, mama."

Akaishika ile chupa nyeusi, akaigeuza, akaitazama ikitulia. Kisha akasema magamba yake yeye anaweza kuyatia kwenye ndoo; kuna mtu wa kuku huyahitaji. Na kwamba wenye meza za upande wa kwake ni saba.

Tukakaa barazani kwa mwenye duka hadi magharibi, watu zaidi ya kumi, tukizungumza mambo yasiyo makubwa. Kufagia mbele ya duka na kuzoa, badala ya kufagia na kusukumia mtaroni. Kufanya hivyo hasa mwishoni mwa kiangazi, wiki ile kabla ya mvua, maana siku hiyo ufagio mmoja ni sawa na mia. Shimo la kunasa mchanga pale mtaro unapopinda, lizolewe kila mwezi. Shimo la kufyonzea maji kwa mwenye uwanja wa kuoshea magari, lenye kokoto chini. Mwenye duka alisema serikali ya kaunti ndiyo inayopaswa kufanya. Yuko sahihi, na nilimwambia tuandike barua pamoja. Lakini mvua nyingine ilikuwa inakusanyika upande wa Mambrui tukiwa bado tunasema.

Jumapili, baharini

Nilitoka peke yangu na boti, bahari imetulia, kaskazi bado dhaifu. Kutoka juu ya mwamba niliweza kuuona mstari: upande mmoja samawati, upande mwingine mwekundu, na mpaka kati yao mkali kama wa kitambaa kilichoshonwa. Ulikuwa bado mbali na hifadhi. Nilikata injini nikautazama ukisogea. Ndani ya wekundu ule mna udongo wa shamba la yule baba wa ukingoni, na wa Ukambani, na sijui wa wapi kwingine, na mna kamba wa yule mzee wa juya.

Chini ya kioo, maji bado yalikuwa meupe. Changu walikuwa wanapita juu ya tumbawe mviringo, kubwa kama meza. Nilikaa juu yake hadi maji yalipoanza kupwa.

Mchana nilinunua pipa la plastiki la lita 60 lenye kifuniko cha kuzungusha, nikaliweka chini ya mkungu pale tunapopweleza boti. Nilichimbua mchanga wa shimo langu la zamani, mweusi na mzito, magunia mawili, nikampelekea fundi wa unga wa mbao anionyeshe pa kuutia. Kabla ya magharibi manahodha wawili walikuwa wamekuja kuuliza pipa ni la nani. Niliwaambia ni letu. Mmoja alirudi na mtungi wa lita tano, akamimina polepole, akaangalia kama kuna lililomwagika pembeni, akafunga.

Jumatano tunakutana dukani kuandika barua. Mpwa ameziacha chupa zake pale kwenye rafu, zimeandikwa dakika.